Kumpeleka Papa kwa Ngagi

Tangu nirudi, kila Jumapili baada ya misa mnanizunguka na vikombe vyenu vya kahawa: "Alors, Nsimire, Papa aliwaona ao hakubaona?" Nikijibu kwamba aliwaona, mnasema najibu kama karani wa dirishani pale komini, ofisi ya mtaa. Nikianza kueleza, mmoja anakumbuka tramu yake, mwingine mtoto anamlilia, na hadithi inakatikia Entebbe. Basi nimeamua kuandika. Someni polepole, maana mambo yenyewe yalikwenda polepole, na zipo sehemu ambazo hadi leo sina hakika kama nilikuwa macho au nimelala.

Kwa wasiomjua Papa: ana miaka sabini na sita, na anaishi nami hapa Jette tangu Mama atutoke. Kabla ya vita alikuwa pisteur, mfuata nyayo, katika msitu wa kwetu nyuma ya Bukavu. Kila alfajiri alitangulia kuwatafuta ngagi walipolala, ili watalii wakija wawakute. Ngagi ndilo jina letu la gorila. Tulipofika Ubelgiji akapata kazi ya kusafisha ofisi kwenye minara ya Gare du Nord, miaka kumi na sita, na habari za msitu akazifunga kama mtu anavyofunga sanduku.

Sasa ana presha ya macho. Pembeni haoni kitu. Anaona katikati tu, kama anayechungulia tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Daktari alimwambia kilichopotea hakirudi. Papa hakuuliza habari za dawa. Aliuliza kimebaki kipindi gani, na daktari akasema labda mwaka, labda miwili. Tukiwa kwenye tramu akanigeukia. "Nsimire, minataka kuona ngagi mara moja tena. Kisha macho iende kwenye inataka kwenda."

Msitu wetu hauendeki siku hizi, vita vimerudi, mnajua. Nikamwambia tutakwenda Uganda, ng'ambo ya mpaka. Alinuna siku mbili. "Ngagi ya Uganda? Ile ni ya wengine." Siku ya tatu nilimkuta anajaribu buti zake sebuleni.

Jette hadi Zaventem

Kuna tabia moja ya Papa ambayo lazima niitaje mapema. Akifika nyumbani hufungua mlango, husimama pale kizingitini na viatu vyake, kisha hutoa sauti kooni, mbili nzito, ya kwanza fupi na ya pili ndefu: *hmm-mmmh*. Halafu hungoja kidogo ndipo aingie. Bukavu sikuwahi kuigundua, kwa sababu mlango wetu ulikuwa wazi mchana kutwa. Lakini huku Ulaya mlango ni mlango. Tulipokuwa wadogo, mimi na kaka yangu tuliiita injini ya Papa. Mama alikuwa akipiga kelele kutoka jikoni, "Funga mulango, chauffage inatoka!" yaani joto la nyumba. Mimi nilipokuwa aide-soignante, msaidizi wa wauguzi, nikaiwekea jina la kikazi: kohozi sugu, vumbi la ofisi. Nimemnunulia syrup za kila rangi. Anazinywa, anashukuru, na jioni injini inawaka tena.

Asubuhi ya safari aliiwasha akiwa anatoka, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alisimama kizingitini akiutazama mlango wa nyumba tupu, akatoa sauti yake, akangoja. Nikamvuta mkono, treni ingetuacha.

Treni yenyewe ya uwanja wa ndege ilisimama Gare du Nord dakika arobaini bila mtu kutuambia kitu. Nilianza kuhema kwa hasira, mnanijua. Papa alikuwa ametulia, uso dirishani, akiutafuta mnara mmoja kwa lile tundu lake dogo, ghorofa kwa ghorofa. "Ile ya quatorze," akasema, ya kumi na nne. "Niliisafisha mupaka ikanijua." Kisha akasinzia, na treni ikaondoka kimya kimya, utadhani haikutaka kumwamsha.

Angani, kupitia Kigali

Ya angani ni machache. Jangwa lilipita chini kwa saa nyingi, rangi moja tu ya chai ya maziwa, na mimi nikawa nalala na kuamka na kulikuta palepale. Papa alikula kila alichopewa, hadi kile kipande cha jibini, ambacho nyumbani anakiita sabuni.

Kigali ndege ilitua kushusha watu, sisi tukabaki vitini. Mlango ulipofunguliwa hewa ikaingia hadi safu yetu. Papa alikuwa amefumba macho. "Mvua ilinyesha hapa saa ya kumi," akasema. Nikamwambia hakuna mtu anayeweza kujua hilo. Mhudumu wa ndege akapita na mwavuli unaochuruzika, Papa akatabasamu bila kufumbua macho, nami nikajifanya nasoma kadi ya usalama.

Entebbe hadi milimani

Dereva wetu alikuwa Amosi, Mkiga wa milima ya kusini-magharibi tulikokuwa tunakwenda, mwanamume mpole mwenye sweta shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Papa akamsalimu kwa Kiswahili kwa furaha kubwa, sauti juu, kama tunavyosalimiana sisi. Amosi akakaza usukani na kwa nusu saa akajibu "ndiyo mzee" na "hapana mzee" tu. Nikaona Papa ameumia.

Tuliposimama kula ndipo lilipotoka. Kulikuwa na kuku wa kuchoma kwenye vijiti na gonja, zile ndizi tamu za mkaa, vinaletwa dirishani na vijana kumi kwa mpigo. Amosi alipokwisha kushiba akasema, "Mzee, samahani. Zamani kwetu, mtu akigonga mlango na kuongea Kiswahili, ni askari. Baba yangu alikuwa anatuambia tulale chini ya kitanda. Nikisikia Kiswahili kikubwa hivi, mgongo unanikumbuka."

Papa aliacha kutafuna. "Mimi njo askari?"

"Hapana, mzee. Mgongo wangu ndio mjinga."

"Bon. Mwambie mugongo yako mimi nilikimbia ba-askari kilometre mingi kuliko yeye." Wakacheka wote wawili, na toka hapo hadi jioni sikupata nafasi ya kutia neno. Njia ndefu niliipokea kama mtu anayeota: mashamba ya migomba, ng'ombe wenye pembe ndefu za ajabu, kisha milima iliyolimwa hadi kileleni, na ukungu ukishuka mabondeni.

Saa nane mchana tukasimama. Mlima ulikuwa umeteremsha udongo barabarani, na lori la viazi limezama katikati yake. Kibali chetu cha kuwaona ngagi kilikuwa cha Alhamisi, na cha Alhamisi tu. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nikashuka, nikawaambia wanaume wenye majembe kwamba baba yangu anapoteza macho na kwamba ni kesho au basi. Walinisikiliza kwa heshima, wakaendelea kuchimba kwa mwendo uleule. Haraka haraka haina baraka, najua, lakini mwambieni mtu aliye na haraka.

Wanawake wa jirani walileta bushera kwenye dumu la njano, uji mwembamba wa mtama uliochachuka kidogo. Papa akapokea kikombe, akanusa kwanza. Akanywa, akafumba macho. Nikadhani tumbo. "Bibi yako alikuwa anapika hii," akasema. "Nilikuwa nimesahau kama nilisahau." Akanywa vikombe vitatu, akakaa juu ya jiwe katikati ya watu asiowajua, na kwa mara ya kwanza tangu Mama aondoke nikamsikia anaimba, chini chini, wimbo usio na maneno. Saa kumi na moja lori likatoka.

Lojini

Loji si ya matajiri wala si ya kulala na viroboto. Ni vibanda kumi vya mbao juu ya mteremko, na mbele yake hakuna kingine ila msitu, umefura na kutulia, unatoa mvuke. Mwenyeji wetu, mama mmoja aitwaye Provia, alitupokea na taulo za moto na supu ya malenge. Maji ya kuoga yanachemshwa kwa kuni nyuma ya kibanda. Unamwambia Provia saa unayotaka, na saa hiyo bomba linatoa maji yenye harufu ya moshi. Nilioga hadi vidole vikakunjamana. Nje vyura walikuwa wanalia kwa zamu, upande mmoja ukiuliza na mwingine ukijibu.

Nikasikia Papa ananiita kutoka chumbani kwake, kwa sauti ya chini sana, ile ya mtu asiyetaka kushtua kitu. Nikakimbia na taulo kichwani. Alikuwa amesimama ukutani, fimbo mkononi.

"Nsimire, usikaribie. Kuna kitu mu kitanda. Kiko moto. Nimekigusa, kimesogea."

Nikafunua blanketi kwa ncha za vidole, roho juu. Ilikuwa chupa ya mpira iliyojazwa maji ya moto na kuvalishwa soksi ya sufu, Provia anamwekea kila mgeni dhidi ya baridi. Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Papa aliiweka chupa tumboni, akalala nayo kama mtoto mchanga, akaniambia kwa hadhi yote, "Funga mulango. Tunalala sisi wawili."

Kibandani

Asubuhi wageni wa vibali hukusanywa kwenye kibanda kisicho na kuta, pembeni mwa msitu, wapewe masharti. Tulikuwa wanane. Wengine sita walikuwa vijana wenye suruali za mifuko mingi, soksi juu ya suruali. Kiongozi wetu aliitwa Benon, mwembamba, mvi kidogo, Kiswahili chake cha mpakani. Pembeni alisimama dada wa afya na kipimajoto. Sharti la kwanza ni lake: mwenye mafua au kikohozi haingii. Ngagi anashikwa na magonjwa yetu, na homa inayokulaza wewe siku mbili inaweza kumaliza familia nzima ya wale.

Nilikuwa nimekwisha kukaa. Papa alikuwa nyuma, anakuja na fimbo. Akafika ukingoni mwa kibanda, pale ambapo pangekuwa na mlango. Akasimama. *Hmm-mmmh.*

Vijana sita wakageuka kwa pamoja. Dada wa afya akamtazama Papa, kisha mimi.

"Mzee anakohoa?"

Jamani, mimi ni mtu wa kazi ya afya. Nimefundishwa kutomficha muuguzi kitu. "Si kikohozi cha mafua," nikasema. "Anacho siku zote."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa mtoto."

Uso wa dada ukajifunga. Sasa nilikuwa nimemwambia kwamba baba yangu ana kikohozi cha miaka karibu thelathini, na kila mtu aliyesoma darasa moja la uuguzi anajua kikohozi cha namna hiyo ni kifua kikuu. Akasema pole, kwa upole wa kweli, lakini mzee atabaki lojini. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikaanza kumweleza habari za macho, daktari, udongo barabarani, sauti yangu ikapanda, machozi yakanitoka mbele ya soksi zote zile. Nilikuwa nimemvusha Papa jangwa na mlima, kisha ulimi wangu mwenyewe ukamfungia mlango.

Papa alikuwa ameegemea fimbo. Alisimama palepale ukingoni, bado hajaingia.

Benon akaacha karatasi zake. Akamwendea Papa polepole, akasimama mbele yake. "Mzee," akasema, "fanya tena."

Papa akasita. Akafanya tena, chini zaidi. Ya kwanza fupi, ya pili ndefu.

Benon akavua kofia. Akainamisha kichwa kidogo, na kutoka kifuani mwake ikatoka sauti ileile. Ileile kabisa, fupi na ndefu. Vijana walidhani ni mzaha. Mimi nilimwona Papa usoni. Aliitikia kwa kichwa, mara moja.

Ndipo akaingia kibandani.

"Ulifanya kazi wapi?" Benon akamuuliza.

"Ng'ambo. Nyuma ya Bukavu. Miaka kumi na tisa."

Benon akamgeukia dada wa afya, akaongea naye Kikiga kwa muda, kisha akatueleza sote. Huyu hakohoi. Hiyo ni salamu ya ngagi. Mfuata nyayo akikaribia familia iliyo nyuma ya majani hawezi kuwatokea ghafla. Huguna hivyo, maana yake ni mimi, nimekuja kwa amani, na hungoja. Wakijibu, anasogea. Wasipojibu, hasogei.

Dada wa afya hakumwachia hivihivi. Alimpima joto mara mbili, akamsikiliza kifua mbele na mgongoni, akamfanya avute pumzi na kuzitoa. Mwisho akasema, "Kifua ni safi kuliko changu." Kuishi kwingi ni kuona mengi: mimi na syrup zangu zote.

Msituni

Kwa mguu Papa alienda saa moja na nusu. Njia ilikuwa mizizi na matope, majani yanayowasha yakipapasa mikono, na juu yetu mwanga wa kijani uliotiririka bila kuisha. Ilikuwa kama kutembea chini ya maji. Kisha goti lake likakataa. Alikaa juu ya gogo, akajaribu kusimama, akakaa tena.

Benon alikuwa amewaita wabebaji wanane tangu asubuhi, wametufuata nyuma na kitanda cha fito kilichosukwa, wanakiita engozi. Papa alipokigusa akaondoa mkono haraka. "Kipoyi? Mimi? Jamais!" Na pale, kwenye matope, akawaambia watu asiowajua jambo nililolisikia kwa mara ya kwanza: kwamba babu yangu alikuwa mbeba kipoyi, akiwabeba wazungu wa serikali ya kikoloni kwenye machela, begani, mlima kwa mlima, hadi bega likaota nundu ambayo Papa alikuwa akiichezea akiwa mtoto. "Mimi sitapanda juu ya mabega ya batu. Heri nirudi."

Nikasema Papa, tafadhali. Akasema Nsimire, nyamaza. Benon akatazama saa.

Mkubwa wa wabebaji, Gervazi, jitu la kifua kipana, akachuchumaa mbele yake. "Mzee, sisi hatukuwahi kubeba mzungu wa serikali na hii. Hii ni ya kwetu. Kila kijiji kina chama chake cha engozi. Mama yangu alipokuwa na uchungu wa kunizaa alibebwa humu hadi hospitali. Mimi mwenyewe nilibebwa mguu ulipovunjika. Huyu, na huyu, na baba ya huyu. Kwetu anayebebwa si bwana. Ni mtu wetu aliyechoka."

Papa akaiweka fimbo chini. Kisha akaomba kila mmoja asogee, akawapapasa mabega mmoja mmoja, wote wanane, akiuliza majina yao. Nilijua anatafuta nini. Hakuna aliyekuwa na nundu.

"Alafu mimi nitafanya nini," akauliza, "kukaa bure tu?"

"Kazi yako ni kuongea," Gervazi akasema. "Mgonjwa wa engozi lazima aongee njia nzima, tujue bado yupo."

Basi Papa akabebwa, na Papa akaongea. Mimi nilitembea ubavuni mwake nikishika ukingo wa kitanda. Aliongea habari za msitu wake, za dume moja lililomfahamu kwa nyayo, za mvua zilizomkuta chini ya mianzi. Wabebaji waliitikia "eeh" kwa pamoja kila hatua chache. Ukungu ulikuwa umeingia kati ya miti na sauti yake ilikuwa inatoka humo, nami nikawa sijui tena ni mwaka gani. Ndipo nikamuuliza.

"Papa, na nyumbani? Kwa nini ulikuwa unafanya ile mlangoni?"

Alinyamaza hata Gervazi akaita, "Mzee, upo?"

"Niko," akasema. "Nsimire, nilikuwa natoka ku kazi, nafungua mulango, nabasikia ndani. Muko munaongea Français, mbio mbio, munacheka. Mama yenu naye ameshajua Français yake. Mulikuwa famille, kamili. Mimi natoka inje na harufu ya savon ya ofisi. Nikaona, batu kama hao, haubaingilie gafula. Unaguna, unangoja wakujibu."

"Na sisi tulikuwa tunajibu nini?"

"Mulikuwa munasema nifunge mulango."

Nilishika ukingo wa engozi kwa mikono yote miwili. Kwa bahati kazi ya kuongea haikuwa yangu.

Baada ya muda Papa akainua mkono. "Simameni. Biko karibu. Minasikia harufu." Benon alikuwa bado anazungumza kwa redio na wafuata nyayo waliotangulia, akaishusha redio, akanusa, akamtazama Papa. Dakika mbili baadaye redio ikathibitisha. Jamaa wa soksi wakapiga makofi kimya kimya, kwa vidole.

Saa moja

Wageni wanapewa saa moja tu na familia, barakoa usoni, hatua kumi kati yenu na wao. Papa aliomba kushuka. Tulisogea naye, Benon kulia, mimi kushoto, hadi kwenye uwazi uliojaa majani yaliyolala. Mimi niliwaona mara moja: jike na mtoto mgongoni, wawili wadogo wakibingirishana, na nyuma yao dume, mgongo mweupe, mkubwa kuliko meza yetu ya parokia.

Papa alikuwa haoni kitu. Alikuwa anazungusha uso wake taratibu, akipitisha lile tundu lake juu ya kijani chote, jani kwa jani. Nilitaka kumshika kichwa nimwelekeze. Benon akanizuia kwa mkono.

"Naona kidole," Papa akanong'ona.

Tukangoja.

"Kidole ya mukono. Nyeusi. Kinashika jani." Tundu likapanda. "Mukono. Huyu ana manyoya mingi, baridi ya hapa inabavalisha koti." Likapanda tena, likasimama. "Nsimire. Naona jicho."

Dume lilikuwa linamtazama moja kwa moja. Papa akatoa sauti yake, fupi na ndefu, nyuma ya barakoa. Kisha akangoja. Nimewaambia mara nyingi kwamba Papa hungoja kidogo. Pale hakungoja kidogo. Inzi walivuma. Mtoto mmoja alidondoka kutoka kwenye tawi, akapanda tena. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, na ombi lenyewe lilikuwa moja: mtu amjibu.

Dume likageuza kichwa, likavuta jani jingine, likatafuna. Na likiwa linatafuna, kifuani mwake ikanguruma ile sauti, nzito hata niliisikia miguuni.

Papa akaweka mkono kifuani. Machozi yaliingia ndani ya barakoa yake na hakuyafuta. Muda uliobaki alikaa chini na kuwatazama kipande kipande, sikio, goti, pua, akitaja kila kimoja kwa Kiswahili cha Bukavu, mimi nikiitikia "eeh" kama wabebaji.

Kurudi alipanda engozi bila ubishi. Karibu na barabara, pale njia iliponyooka, Gervazi akaniambia kwa utani kwamba mtu wetu akibebwa, nyumba yake nayo hutoa bega. Nikatoa langu. Nimeinua wazee wengi katika kazi yangu, na winchi na mikanda na taratibu zake, lakini uzito wa baba yangu sikuwa nimewahi kuubeba. Hatua themanini, nilizihesabu. Bega liliniuma wiki nzima, na ninyi wa kwaya mkaniuliza kama nililala vibaya kwenye ndege.

Jette

Sasa ni miezi mitano. Tundu limekuwa kama kichwa cha pini. Papa hatoki tena peke yake. Mchana hukaa kwenye kiti cha dirishani, uso umeelekea tramu anazozisikia tu. Nikitoka kazini na kufungua mlango alikuwa anashtuka, hata nikisema "Papa, ni mimi." Kikombe kilishamwangukia mara mbili.

Jumanne iliyopita nilifungua mlango, nikakumbuka. Nikasimama kizingitini na viatu vyangu. Nikajaribu kooni, fupi na ndefu. Ilitoka vibaya, kama injini ya kweli isiyo na mafuta. Hakushtuka. Mgongo wake ulinyooka kidogo tu kitini. Joto la nyumba likawa linapita ubavuni mwangu kwenda ngazini, bili na zije, mimi sikufunga mlango. Niliwaza jioni zote ambazo yeye alisimama hapa, na harufu ya sabuni ya ofisi, akitusikiliza.

Kutoka kwenye kiti cha dirishani ikaja, nzito, bila haraka.

*Hmm-mmmh.*

Nikaingia.